Kinanda chenye Mafua

Jumatano, tarehe 7 Januari

Radio mbili, pasi moja. Ampli ya bar ya pale chini imeungua tena kwa sababu wanaifungulia mpaka mwisho. Nimewaambia mara tatu wapunguze. Hawasikii, na sasa njo hawatasikia kitu kabisa.

Saa nane Padri akanitumia mutu wa pikipiki. Kinanda cha parokia. Nilijua siku hii itafika, nimeikimbia karibu mwaka muzima. Bati la juu lilitobolewa wakati vita iliingia muji, na mvua zote zikapita pale pale. Watu walifunika kinanda na turubai, halafu wakapanga viti juu ya turubai. Watu wenye akili zao!

Nimetoa preampli. Ni ile sanduku ndogo ya chuma yenye lampe mbili za kioo, inapokea sauti ikiwa bado changa na kuikuza mbele ya kuipeleka kwa ampli kubwa. Kutu kila pembe. Majivu ya volkano yamekuwa tope ndani, tope likakauka. Nimeibeba juu ya magoti mpaka hapa kwangu Ndosho, juu ya pikipiki, nikimutukana dereva kwa kila shimo.

Misa ya kuondoa kilio cha yaya Paluku, mukubwa wangu, ni tarehe 31. Kinanda hiki alikipiga yeye, miaka ishirini na mbili. Muke wake, Mama Kahindo, ameomba kitu kimoja tu: siku ile kinanda kilie, na kilie na sauti ile ile. Nimesema ndiyo. Ningesema nini?

Ijumaa, tarehe 9

Kusafisha. Alkoli na mswaki. Masika amekuta mswaki wake mezani kwangu, mweusi kama sufuria. Muke wangu akiwa na hasira anapika bila chumvi. Nimekula hivyo hivyo.

Sauti ile. Wakristo walikuwa wanaicheka, wanasema kinanda chenye mafua. Noti za chini zinakwaruza, za juu zinatoka na pumzi kidogo, kama muzee anayeimba akiwa ametoka kukohoa. Paluku aliizoea. Mukono wake wa kushoto ukawa mwepesi, kwenye noti za chini anagusa tu anaachia. Watu wakaipenda. Wakienda parokia zingine wanarudi wanasema kinanda cha kule ni kizuri lakini hakina moyo.

Hakuna anayejua kwamba mafua yale ni yangu. Lampe ya kwanza ilikufa miaka mingi iliyopita. Nikatafuta muji wote, hakuna. Nikang'oa lampe kwenye radio ya zamani ya mapadri, iliyokuwa imetupwa. Haikuwa ya jamaa moja na ile iliyokufa. Nikageuza waya, nikasokota rezistansi mbili za televisheni mbovu, zile za kupunguza umeme, nikafunga. Nikamuambia yaya: vumilia wiki mbili. Ikawa miaka kumi na tisa.

Kila Jumapili, siku ya Mungu, nilikaa kwenye benchi nikisikia kazi yangu mbaya, nikaona haya. Wengine walikuwa wanasali.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya misa nimeenda kwa Mama Kahindo na sukari kilo mbili. Bado yuko na kitenge cheusi. Amepungua sana.

Amesema tena habari ya bidon, kile kidumu cha maji. Kila nikienda anaisema. Asubui ile ya vita, maji yalikuwa yamekatika siku ya tatu. Akamuomba Paluku atoke atafute hata litre tano. Njia ya maji kwao ni ile ya kushuka ziwani. Lakini walimukuta kwenye njia ya parokia, bidon tupu mukononi, amekufa kwa risasi ya kupotea. Kwa hiyo yeye anasema: alienda kwenye citerne, tanki la maji la parokia, kwa sababu mimi nililia kiu. Mimi njo nilimuua mume wangu. Anasema hivyo akimenya viazi, bila hata kupandisha sauti.

Mimi nakula viazi vyake na nanyamaza.

Niandike hapa, hakuna mutu anasoma. Mimi njo nilimuandikia message asubui ile. Nilimuandikia kwamba watu wameanza kuiba ndani ya kanisa, apite atoe preampli aifiche kwake, kwa sababu kitu kama kile hakipatikani tena. Akajibu: sawa mudogo wangu, natoka sasa hivi. Maji yalimupa sababu ya kutoka. Njia ile nilimupa mimi. Na mimi nilikuwa wapi? Ndosho, chini ya kitanda.

Simu yake haikuonekana. Anayejua habari ya message ni Masika peke yake.

Jumanne, tarehe 13

Masika ameniuliza asubui: utamuambia lini? Nikamuambia aniache nifanye kazi. Akasema kazi si mudomo, haitakusemea. Nimefunga mulango wa atelier, chumba changu cha kazi, kwa nguvu mpaka saa ya ukutani ikaanguka. Sasa niko na saa ya kutengeneza pia.

Lakini leo kuna furaha moja. Mutoto wa binamu yangu aliye Kampala ametuma lampe. Ile yenyewe! Namba ile ile iliyoandikwa kwenye schéma, ule muchoro wa waya uliobandikwa ndani ya kinanda. Imepita mupaka ndani ya soksi, ndani ya kikombe, ndani ya begi la mama mumoja anayeuza nguo. Haina hata alama ya kidole. Nimeishika kama yai.

Nimekata uchafu wangu wote wa zamani. Rezistansi zile mbili nilizosokota, waya niliyogeuza, vyote. Nimetupa kwenye shimo la takataka. Sikutaka hata kuziangalia. Miaka kumi na tisa ya haya, chap, koleo moja.

Alhamisi, tarehe 15

Kondansateri tano mupya. Zile za zamani zilikuwa zimevimba. Nimeunga kwa soudure safi, kila waya mahali pake kama schéma inavyosema. Umeme umenipiga mukono mara moja, mpaka kwenye kiwiko. Kosa langu, sikungoja kondansateri zimwage umeme wake. Miaka yangu yote hii ya kazi bado nina haraka kama mutu anayekimbizwa.

Nimejaribu na spika ndogo. Sauti safi. Hakuna mukwaruzo, hakuna pumzi. Nilitaka kucheka na kulia. Nikasema kwa sauti, peke yangu: yaya, nimelipa wiki mbili zako.

Jumamosi, tarehe 17

Siku mbaya.

Nimefunga preampli kanisani. Padri amenionyesha stabilisateri mupya ya parokia, inashika umeme wa volti 220 bila kutikisika, anajivunia kama ni yeye ameizaa. Mwalimu Furaha, yule wa upande wa Bukavu anayechukua nafasi ya Paluku, amekaa akapiga wimbo wa kutolea sadaka. Watu wa kwaya wakapiga makofi. Padri akanishika mabega yote mawili. Kinanda kimepona!

Mama Kahindo alikuwa amesimama nyuma, karibu na mulango. Nikaenda kwake na meno yote nje. Akaniangalia. Akasema: ni muzuri, shemeji. Ni kinanda ya nani?

Halafu akajifunga kitenge vizuri akaondoka kwa miguu.

Nilimukasirikia. Njia yote nilikuwa namukasirikia. Mutu anakesha na kitu chako wiki nzima, anavusha lampe mupaka, na wewe unauliza ya nani! Nilipofika Ndosho hasira ikakosa mahali pa kukaa. Kwa sababu na mimi, wakati Mwalimu Furaha anapiga, nilifunga macho nikamutafuta yaya. Hakuwemo.

Jumapili, tarehe 18

Sikwenda misa. Nimemuambia Masika tumbo linaniuma. Hakuamini.

Jumatatu, tarehe 19

Nimechimba shimo la takataka na mikono. Masika amesimama akiniangalia. Kumbe alilichoma moto Ijumaa. Nimekuta majivu, kopo la nyanya, na waya wa shaba umekuwa mweusi. Rezistansi zimekwisha.

Na sikuandika. Fundi muzima! Kila siku nafundisha watu: mbele ya kutoa kitu, andika. Sikuandika kwa sababu nilikuwa naona haya. Mutu haandiki kitu anachoona haya. Sasa sijui zilikuwa za kiasi gani, na zile rangi za kuonyesha kiasi zilikuwa zimefutika tangu ziko kwenye televisheni.

Lampe ya radio ya mapadri bado iko. Nilikuwa nimeirusha kwenye karton ya vitu vilivyokufa. Haikuvunjika. Nimeiweka kwenye umeme, ikawaka nyekundu, kidogo tu. Mungu mukubwa.

Jumatano, tarehe 21

Kuna ndoa moja ambayo mutu wa kwaya alirekodi na simu. Paluku anapiga wakati maharusi wanatoka. Dakika tatu na kitu. Nimeisikiliza mara sijui ngapi, na kifaa cha sikio, mpaka sikio linawaka. Nasikia miguu ya watu, mutoto analia, wamama wanapiga vigelegele, na chini ya vyote mukono wa kushoto wa yaya yangu.

Jana nilienda kutoa preampli kanisani, nikarudisha waya nilivyokumbuka. Najaribu rezistansi moja moja. Naweka, nasikiliza simu, nasikiliza spika, natoa. Ishirini na sita mpaka sasa. Wateja wananilalamikia. Mwenye bar amekuja kuuliza ampli yake, nikamufukuza.

Nimekaribia. Mukwaruzo uko. Pumzi haiko. Ni kama mutu anamuiga Paluku, anapata kikohozi tu.

Siku kumi zimebaki. Kama sauti haitarudi, Mama Kahindo ataondoa kilio chake mbele ya kinanda cha ugeni, na mimi nitakuwa nimemunyima mume wake mara mbili. Najisikia vibaya sana. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, tarehe 23

Nimeipata. Eh, Mungu wangu, nimeipata.

Nilikuwa na hasira, nikapiga meza. Stabilisateri yangu ya hapa ni nzee, ikazimika. Nikachomeka kila kitu moja kwa moja kwenye ukuta, kule ambako leo umeme ulikuwa unashuka kwa sababu ya mvua. Taa ikawa ya rangi ya chungwa. Nikataka kuzima kila kitu niende kulala. Kidole kikagusa waya wa kujaribia, na spika ikatoa pumzi ile.

Nikasimama. Chuma cha soudure kikaniunguza goti na sikusikia mpaka baadaye.

Kumbe ni umeme! Miaka ile yote umeme wa kanisa ulikuwa dhaifu. Tulikuwa tunaimba chini ya balbu zinazoonyesha waya wake tu. Lampe ilikuwa na njaa. Lampe ya kuokota, rezistansi za kusokota, na umeme wa njaa juu yake: njo sauti nzima. Mimi nikaipa 220 safi kutoka kwenye stabilisateri, halafu nikashangaa haifanani naye. Mahali pengine sijui kama wanahitaji kutafuta umeme mubaya. Hapa tuliupata bure, na mwaka huu tu njo tumeupoteza.

Nimechukua transfo ya zamani inayoshusha umeme, nimeifunga mbele ya preampli peke yake. Volti mia na sabini na tano. Pale pale. Chini kidogo inakufa, juu kidogo inapona.

Masika amekuja mulangoni na mwiko mukononi. Akasikia. Akasema: Paluku. Akarudi jikoni akafunga mulango.

Jumapili, tarehe 25

Nimemuambia.

Nimefunga tena preampli kanisani, na saa tisa tulikuwa pale watatu. Mwalimu Furaha amejifunza ule wimbo wa ndoa kutoka kwenye simu, na mukono wa kushoto mwepesi, kama nilivyomuonyesha. Mama Kahindo akasimama pembeni. Noti tatu za kwanza, akaweka kiganja juu ya ubao wa kinanda, akasema: ni yeye. Akalia. Sijamuona akilia tangu maziko, hata siku za bidon halii.

Halafu akainama karibu na ubao, akasema pole pole: nisamehe yale maji.

Sikuweza. Nimevumilia mwaka, lakini hiyo sikuweza. Nikamuomba Mwalimu Furaha atuache. Nikasema yote. Message, wezi, preampli, kitanda. Nikasema: hakufuata maji yako, shemeji. Alifuata sanduku yangu. Mimi njo nilimupeleka njia ile.

Hakupiga kelele. Nilitaka apige. Aliondoa kiganja juu ya ubao wa kinanda. Halafu akauliza: mwaka huu umekula kwangu mara ngapi?

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Akasema: kila mara nilikuambia habari ya bidon. Kila mara ulimaliza sahani.

Akatoka. Kitenge chake kilinasa kwenye pembe ya benchi, akakivuta mpaka kikapasuka kidogo, akaendelea.

Jumanne, tarehe 27

Hakuna kitu. Nimetengeneza ampli ya bar. Masika ameenda kumuona. Wamechambua majani ya sombe pamoja muchana wote. Jina langu halikutajwa, hata kwa kosa.

Najiuliza kama nilisema kwa ajili yake ama kwa ajili yangu. Masika anasema hiyo ni swali la mutu anayetaka kujihurumia. Amerudi kutia chumvi kwenye chakula lakini.

Jumamosi, tarehe 31 Januari

Misa. Kanisa limejaa. Kambale, mukubwa wangu mwingine, ameshindwa kufika kutoka Butembo, njia si njia. Kwa hiyo upande wetu wa wanaume ni mimi peke yangu, benchi ya mbele, na suti inayonibana.

Mama Kahindo aliingia na wamama wa kwaya. Hakuniangalia.

Kinanda kikaanza. Nilisikia watu nyuma yangu wanageuka. Muzee mumoja akasema kwa sauti: ayi, mafua! Watu wakacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka wakaanza kulia, benchi moja, benchi nyingine, mpaka wale waliozoea kukauka macho kama mimi. Wengi mwaka ule walizika mutu bila kinanda, bila misa, bila hata sanduku. Sikuwa nimefikiri juu yao. Nilifikiri sauti ile ni ya nyumba yetu.

Yeye hakulia. Alisimama wima toka mwanzo mpaka mwisho. Baada ya misa wamama walimuvua kitenge cheusi nyuma ya sakristia, wakamuvalisha cha kijani. Nguo za Paluku ziligawanywa. Mimi nilipewa koti. Ni Masika aliniletea, si yeye.

Nilikula kidogo sana.

Jumapili, tarehe 1 Februari

Amekuja hapa Ndosho, kwa miguu yake, na kitenge cha kijani. Nilikuwa nimekaa mbele ya mulango. Nikasimama, nikamupa kiti, hakukaa.

Akasema: shemeji, umemurudisha. Nimemusikia. Sasa mutoe.

Sikuelewa. Akasema lampe ile, na ile transfo. Akasema ameondoa kilio, lakini kinanda kitalia hivyo kila siku ya Mungu, na yeye anaishi karibu, anasikia hata akiwa jikoni. Hawezi kumuzika kila wiki. Kuna lampe mupya, ile ya Kampala. Niiweke. Wengine wapate kinanda cha kuimbia.

Nilitaka kubisha. Nilifungua mudomo nimuambie kazi niliyofanya, siku zote zile, sikio langu. Nikaufunga. Nikamuuliza kitu kingine. Nikamuuliza kama atanisamehe.

Akasema hajui. Akasema nisimuharakishe. Mwaka muzima yeye alibeba kosa ambalo si lake, na mimi pia naweza kubeba langu kidogo.

Alikubali maji ya kunywa. Akanywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa Masika.

Jumanne, tarehe 3 Februari

Nimeenda kanisani muchana, hakuna watu. Nimewasha mara ya mwisho, nikabonyeza noti moja ya chini. Moja tu. Mimi sijui kupiga.

Halafu nikazima. Lampe haitolewi ikiwa moto, kioo kinaweza kupasuka. Nikakaa kwenye kiti cha yaya, mukono karibu na lampe, nikingoja ipoe. Joto lilikuwa linatoka pole pole kwenye vidole. Nikamuambia yaya nilichokuwa nataka kumuambia. Ilichukua dakika kumi, labda zaidi. Ilipokuwa baridi kabisa nikaitoa.

Nimetoa na transfo. Nimeweka lampe ya Kampala na rezistansi za schéma. Mwalimu Furaha alipita baada ya masomo akapiga kidogo, akasema iko vizuri.

Iko vizuri kweli.